Siku Niliyokufa Kitandani kwa Bibi

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya: Fikiri Kachumbari ameshuka treni Tabora, anaulizia njia ya kuja Cheyo, na mimi nimejifungia chooni.

Kwa waliokosa, nitasema kwa ufupi, maana mpaka leo jambo lenyewe linanitia aibu.

Mimi ni Anifa. Nina miaka ishirini na mbili. Shule niliiachia darasa la tano, bibi yangu alipovunjika nyonga na pakakosekana mtu wa kumgeuza kitandani. Tangu hapo kazi yangu ni kudarizi kofia. Nikienda dukani kununua uzi hunyoosha kidole tu. Muuza uzi alikaa miaka miwili akiamini mimi ni bubu.

Lakini sauti ya bibi yangu naiweza. Kikohozi chake, guno lake, anavyovuta maneno akitaka kumkata mtu maini, vyote naviweza. Siku moja nilikuwa namgombeza mbuzi wa jirani kwa sauti hiyo, rafiki yangu Levina akanirekodi kwa siri. Levina kwao Ulyankulu, hapa mjini ni fundi simu. Akaitupia mtandaoni. Ndivyo alivyozaliwa Bibi wa Cheyo, yule kikongwe asiyeonyesha sura, anayewapigia simu wasanii na watu maarufu wa mitandaoni na kuwahoji.

Nimewahoji kumi na mmoja. Waandishi wengine humuuliza msanii kuhusu albamu. Mimi namuuliza, "Umekula?" Akisema ndiyo, namuuliza nani kampikia. Akisema mke, namuuliza yupi. Hapo ndipo mambo huanza kutoka yenyewe.

Kuna yule dada anayeuza mafuta ya kung'arisha ngozi. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, uso umeshafika Ulaya, mbona masikio yamebaki Nzega?" Alikaa kimya sekunde tisa. Levina alizihesabu.

Fikiri alikuwa wa kumi na moja. Ni mwimbaji na mchekeshaji, Mzaramo wa Kisarawe. Sisi ni Wanyamwezi. Makabila hayo ni watani, na watani hawahitaji kufahamiana, tulitukanana robo saa nzima. Kisha akalia. Alisema amelelewa na majirani, hajawahi kuwa na bibi, na mimi ndiye bibi wa kwanza kumuuliza kama amekula. Akaapa mbele ya wasikilizaji kwamba atakuja Tabora kunipa mkono.

Ubaya ni kwamba bibi mwenyewe, Bibi Tatu, hajui lolote.

Na hatakiwi kujua. Bibi ni somo. Anafunda wali, wasichana wanaokaribia kuolewa. Siri za wanawake wa nusu ya mji huu zimelala kifuani mwake, na ndiyo maana hapigwi picha wala harekodiwi. Kuna mwali mmoja aliificha simu chini ya mto ili amrekodi. Bibi aliiona, akafunga mtandio, akatoka bila kuaga. Alipofika nyumbani akaniambia:

"Anifa, siku nitakayosikia sauti yangu kwenye simu ya mtu, na nikajua imetoka ndani ya nyumba hii, utapanda treni ya Kaliua kwa baba yako. Na usirudi."

Kaliua kuna baba, mama wa kambo, na chumba kimoja. Lakini sikuogopa treni. Niliogopa bibi abaki peke yake na fimbo yake, akijua kwamba mwizi wake alikuwa mimi.

Basi, nilikuwa chooni.

"Toka," Levina alisema nje ya mlango.

"Tumbo linaniuma."

"Litauma kesho. Kachumbari yuko hapo kwa Bi Najiat anakunywa maji. Ana stendi ya simu na taa ya duara. Anataka kurusha laivu."

"Mwambie bibi amesafiri."

"Nimeshamwambia bibi anaumwa, yuko kitandani."

"Levina!"

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba bibi yake amejifungia chooni na ana miaka ishirini na mbili?"

Bahati, bibi alikuwa Kwihara tangu jana. Kulikuwa na mwali wa kufunda, na alisema atarudi kesho. Levina akaniburuta mpaka chumbani kwa bibi. Akanivisha gauni la bibi, akanilaza kitandani kwa bibi, akanifunika kanga ya bibi mpaka usoni.

"Macho yanakuuma, hutaki mwanga," aliniambia. "Unaongea naye dakika kumi, unamwombea dua, anaondoka."

"Na akinifunua?"

"Mwanamume gani atamfunua bibi kizee?"

"Mzaramo," nilisema.

Levina alicheka. Mimi sikuwa natania.

"Hodi hodi Unyamwezini!" sauti ikaita mlangoni.

Nikavuta pumzi. Na kama kawaida, sauti ya bibi ilipokuja, woga wangu wote ukahama chumba.

"Karibu, kama umenawa miguu!"

"Shikamoo bibi yangu!"

"Marahaba. Mbona sauti iko chini hivyo? Wewe ni mfupi?"

Kupitia nyuzi za kanga nilimwona. Kweli alikuwa mfupi. Kofia kubwa, mkufu mkubwa, na macho ya mtu aliyekesha kwenye treni akifikiria jambo moja tu. Akapiga magoti kando ya kitanda. Akaushika mkono wangu juu ya kanga kwa mikono yake miwili.

"Umekula?" nilimuuliza.

Akafuta macho kwa kofia. Hapo moyo wangu ulinisuta, sitaficha.

Lakini msanii ni msanii. Akainuka, akasimamisha stendi, akawasha taa. "Wanangu wote mnaotutazama, niko Tabora, Cheyo, chumbani kwa bibi wa taifa! Bibi, mbona umelala? Au nyie Wanyamwezi mkisikia mgeni anakuja mnaugua ili msipike?"

"Chakula kipo. Sisi hatupakui mpaka mgeni aseme anaondoka lini."

"Nasikia macho yanakuuma."

"Macho na masikio. Tangu nisikie wimbo wako mpya."

Levina, aliyekuwa anaangalia simu, alinionyesha vidole vitano. Watu elfu tano. Kisha saba.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo, hasa ninyi mnaokaa mbali na utani. Mtani wako akiugua, una ruhusa ya kumfanyia mzaha wa kifo. Hapa Cheyo kuna mzee wa Kizaramo aliyewahi kuugua malaria. Bibi yangu alikwenda na kamba, akampima urefu mbele ya wanawe, akasema, "Shimo tutalifupisha. Miguu ataikunja." Yule mzee alicheka mpaka homa ikashuka. Hakuna aliyekasirika. Mtani hakasirikiwi.

Kwa hiyo Fikiri hakufanya kosa lolote. Hilo nataka liandikwe wazi.

Alirudi nyuma hatua mbili, akashika kichwa, akajitupa sakafuni.

"Uwiii! Bibi wa Cheyo amekufa! Jamani Watanzania, bibi ametutoka! Uwiii! Nani anarithi kitanda? Kitanda changu mimi mtani! Chandarua changu! Na hii sufuria ya chini ya kitanda, yangu!"

Kitu cha kufanya nilikijua. Mtani akikulilia ungali hai, unamjibu. Nilikuwa na jibu tayari, nimwambie achukue kitanda pamoja na kunguni wake, nao ni Wanyamwezi, watambebea mzigo mpaka Kisarawe.

Jibu halikutoka. Fikiri alikivuta chandarua kweli, kikakatika, kikamfunika yeye mwenyewe na kofia yake, akawa anagaagaa chini kama kuku aliyenaswa. Nikashikwa na kicheko.

Na kicheko cha bibi sikiwezi. Sauti naiweza, kikohozi nakiweza, lakini mtu akicheka anacheka yeye. Kicheko changu ni chembamba, cha kitoto. Kikitoka, nimekwisha.

Nikajaza kanga mdomoni, nikauma. Mwili ukatetemeka, kitanda kikalia kwi kwi kwi. Nikabana pumzi mpaka kikapita. Kisha nikatulia kimya, nikiogopa hata kumeza mate.

Wakati huohuo Bi Najiat, jirani wetu, aliingia mbio na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia kilio cha mwanamume kupitia ukuta. Alichokiona ni mwili wa bibi uliofunikwa gubigubi, ukitetemeka mara ya mwisho, kisha ukanyooka.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!"

Mwiko ukaanguka. Akanishika mguu uliokuwa nje ya kanga. Miguu yangu ni ya baridi tangu utotoni.

"Ameshapoa," alisema.

Nyuma yake wakaingia wanawake wengine watatu. Nikapiga hesabu ya haraka. Nikiinuka, watamkuta Anifa ndani ya gauni la bibi, juu ya kitanda cha bibi, mbele ya kamera. Watauliza. Na bibi atajua kabla jua halijazama.

Nikaona bora nife.

"Bibi?" Fikiri alikuwa amejitoa kwenye chandarua. "Bibi, jibu basi. Nilikuwa natania. Nitukane, bibi. Nitukane kidogo tu."

Sikumtukana.

"Nimemuua," alisema. Sauti yake haikuwa ya kwenye nyimbo. "Nimepata bibi, sijakaa naye hata nusu saa, nimemuua kwa mdomo."

Akaanza kulia kweli. Kilio cha kweli hakina sauti nzuri. Levina, aliyekuwa ameganda pale kwenye kona, alifanya ishara ya msalaba.

"Levina! Huyu ni Mwislamu!" Bi Najiat alifoka.

"Nisamehe, mama. Mkono umezoea."

Simu ilikuwa bado inarusha. Hakuna aliyeikumbuka. Wanawake wakatandika mikeka, na kadiri walivyokuja wapya ndivyo nilivyozidi kufa.

Nataka kuwaambia kwamba si vibaya sana kusikiliza msiba ukiwa maiti. Watu wanaongea.

"Alinifunda mimi, huyu."

"Na mimi. Na dada yangu."

"Mimi alinipa yote akaninyima moja. Akasema, hilo utarudi ukizaa wa pili. Sasa wa pili nimemzaa, naye kaondoka nalo!"

"Na yule mjukuu wake yuko wapi? Yule bubu?"

"Si bubu yule, ana haya. Maskini, nani atamwambia?"

"Atafutwe. Asisikie barabarani."

"Levina, rafiki yako yuko wapi?"

Levina akatazama mlango. "Amekwenda Kaliua. Kwa baba yake."

Laiti angetaja mji mwingine wowote.

Kisha nikasikia kipaza sauti cha msikitini kikikwaruza. Mzee Majidi, ambaye hutangaza misiba, ana sauti ya taratibu. Hata maiti humwelewa.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha mama yetu, Bibi Tatu binti Juma, wa hapa Cheyo..."

Niliyafumba macho chini ya kanga. Mpaka dakika ile aliyekufa alikuwa Bibi wa Cheyo, mtu wa kwenye simu, mtu wangu mimi. Sasa nimemuua na mwenyewe. Jina ambalo nimelificha miezi minane limetangazwa kwa mji mzima.

Muda si mrefu Mzee Majidi mwenyewe alikuwa mlangoni. Nilimjua kwa kusafisha kwake koo.

"Jeneza tumelileta. Magharibi haiko mbali, kina mama. Maji yako tayari?"

"Yanachemka," Bi Najiat alijibu.

Jasho likanitoka. Sijui kama kuna maiti nyingine iliyowahi kutoka jasho namna ile. Levina akainama kama anayeaga, akaninong'oneza sikioni.

"Simama."

"Siwezi," nilinong'ona.

"Wanakuja kukuosha, Anifa!"

"Waambie watoke kidogo, nitoke dirishani."

"Dirishani ndiko wamekaa wanaume!"

Nje pikipiki ikanguruma, ikazima. Halafu nilisikia kelele za wanawake, si za msiba, ni za kukimbia. Masufuria yakagongana. Mtu akasoma aya kwa sauti. Na katikati ya vurugu ile, fimbo yenye kichwa cha chuma ikawa inagonga sakafu, ko, ko, ko, bila haraka.

"Nani amekufa nyumbani kwangu?" aliuliza bibi yangu.

Mwishowe Bi Najiat, ambaye ni jasiri, akasema kwa sauti ndogo:

"Wewe."

"Mimi? Saa ngapi?"

"Saa kumi na robo."

"Na mbona sikuambiwa? Niko Kwihara namfunda mtoto wa watu, mama yake anaingia na simu, analia, ananiangalia mimi, anaangalia simu, anaanguka chini. Nikaona niache mwali na pilau nije nijizike mwenyewe."

Akaingia chumbani. Nilimsikia akisimama. Watu walirudi nyuma yake mmoja mmoja, wanawake kwanza, kisha Mzee Majidi akichungulia mlangoni.

"Na huyu ni nani kwenye kitanda changu?"

Bi Najiat akanyoosha mkono kuivuta kanga. Nikasikia fimbo ikimgonga kidole.

"Usimguse! Maiti usiyoijua unaifunua mbele ya wanaume? Nani aliwafunda nyie?"

"Wewe," walisema wawili kwa pamoja.

Bibi akakaa ukingoni mwa kitanda. Kitanda kikainama upande wake, kama kinavyoinama siku zote. Mkono wake ukapita chini ya kanga, ukaupata mkono wangu, ukaenda moja kwa moja kwenye kidole cha shahada. Kidole hicho kimetobolewa na sindano miaka kumi na moja. Ngozi yake ni ngumu kama ganda la karanga. Bibi akakibonyeza mara moja.

Akajua. Na mimi nikajua kwamba amejua.

Lakini hakusema. Akamgeukia Fikiri.

"Wewe unayelia na mkufu, wewe ni mtoto wa nani?"

"Fikiri, bibi. Nimekuja kumwona Bibi wa Cheyo. Nimemuua mimi. Nilimtania."

"Kabila gani?"

"Mzaramo."

"Basi hujaua. Mzaramo hajawahi kummaliza Mnyamwezi kwa mdomo. Na huyo Bibi wa Cheyo ndiye nani?"

Nilisikia hata taa ya Fikiri ikivuma.

Bi Najiat akakohoa. "Ni wewe, Bibi Tatu. Wa kwenye simu. Sisi tulikujua siku ya kwanza. Tukasema, ameamua kujifurahisha uzeeni, tusimuaibishe. Hata mwenyekiti wa mtaa hukusikiliza kila Alhamisi."

"Mimi?"

"Ulimwambia yule binti masikio yamebaki Nzega."

Mzee Majidi akacheka mlangoni, akajikuta yuko msibani, akanyamaza.

"Nataka kusikia," bibi alisema.

"Bibi, tuyaache hayo..." Levina alianza.

"Sijakuuliza wewe, fundi simu. Najiat, fungua."

Bi Najiat akafungua. Na sauti ya bibi yangu ikatoka kwenye simu ya mtu, ndani ya nyumba yake, mbele ya majirani zake: "Umekula, mjukuu wangu? Nani kakupikia? Mke? Mke yupi?" Ikaendelea. Ikamgombeza Fikiri, ikamtania, kisha ikapoa, ikamwambia asilie, ikamwambia kila mtu ana bibi mahali, ila wengine huchelewa kumpata.

Hilo la mwisho nilikuwa nimelisahau. Bibi alilisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa bado juu ya kidole changu. Haukubonyeza. Haukuondoka.

Simu ikanyamaza.

"Sauti ni yangu," alisema bibi. "Maneno ni yangu. Ila mimi sikuwepo."

Akagonga fimbo sakafuni mara moja.

"Tokeni wote. Maiti hii nitaiosha mwenyewe."

"Bibi Tatu, peke yako na nyonga hiyo?"

"Tokeni. Majidi, jeneza lirudishe msikitini. Likihitajika nitatuma mtu, na leo huenda likahitajika."

Wakatoka. Levina alitoka wa mwisho, akaniangalia kama mtu anayemwacha mwenzake mahakamani. Fikiri akanyoosha mkono achukue simu yake.

"Hicho kiache."

"Bibi, iko laivu. Watu elfu arobaini wanatazama."

"Wamekuja msibani?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi hawafukuzwi. Tangulia nje."

Mlango ukafungwa kwa komeo. Bibi akaivuta stuli, akakaa upande wa kichwa changu, fimbo magotini. Taa ya duara ilikuwa imetuelekea sisi wawili. Akarekebisha mtandio wake kwanza. Maisha yake yote hakukubali kupigwa picha, na sasa alikuwa anarekebisha mtandio.

"Inasemekana mimi nahoji watu," alisema. Hakuinua sauti. "Watu wakubwa, wenye majina. Sasa na mimi nimhoji mmoja."

Nikalia chini ya kanga. Kimyakimya, kama ninavyofanya kila kitu.

"Treni tutaizungumza baadaye. Treni si swali. Swali langu ni hili. Miaka kumi na moja tunakula sahani moja. Nakuuliza umeamkaje, unaitikia kwa kichwa. Nakuuliza nini kinakuliza, unashika sindano. Nikasema basi, mtoto huyu Mungu hakumpa maneno, nisimlazimishe. Kumbe unayo. Unayo mengi, matamu, mengine hata mimi sikuyajua. Umeyagawa kwa Wazaramo na wauza mafuta. Mimi ukaninyima kwa nini?"

Nilijiandaa kwa fimbo. Nilijiandaa kwa Kaliua. Kwa swali hilo sikujiandaa.

Nikakohoa kile kikohozi chake, maana ndimo ilimo njia yangu ya kuongea. Nikafungua mdomo.

"Hapana," alisema bibi. "Kwa sauti yangu sitaki. Hiyo ninayo."

Nje hapakuwa na mtu aliyekohoa. Nilijua wote wanatazama kwenye simu zao, hatua tatu kutoka mlangoni, wamebanana. Elfu arobaini na wale wa uani. Bibi akangoja. Yeye anajua kungoja, ndiyo kazi yake.

Ilichukua muda. Sauti yangu ilipotoka, ilikuwa ndogo, na ilipasuka katikati.

"Wale hawanioni, bibi. Wewe unaniona."

Bibi aliweka fimbo chini. Akainama, akashika pindo la kanga usoni kwangu, na bado alikuwa hajaivuta.

Nje mtu akapiga ukelele. Nilimtambua. Ni mtu aliyekuja kwa treni kutoka mwisho wa nchi kwa ajili ya sauti moja, na sasa amesikia nyingine ikitoka pale pale.

"Huyo nani?" Fikiri alikuwa anapiga mlango kwa viganja viwili. "Huyo nani anayeongea? Bibi yangu yuko wapi? Nifungulieni! Bibi yangu mmempeleka wapi?"

Komeo la mlango ule ni la mbao. Likaanza kupasuka.